Ramli Isiyokosea

Jua lilikuwa likikaanga mawe siku Sungura alipotokeza uwanjani kwa Simba, kajifunika jani la mgomba, akaruka dimbwi ambalo halikuwapo. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba siku hiyo mvua itanyesha. Wanyama walicheka hadi Nyani akashika mbavu.

"Mtembezi wetu!" Fisi akamzomea. "Nchi zote ulizozurura, hukujifunza kusoma mawingu?"

"Nilijifunza kukimbia mbwa," Sungura akajibu, akikunja jani lake polepole. "Mawingu yalinishinda."

Ukame ulikuwa umekomba maghala. Lilibaki kapu moja la mbegu za kunde, na desturi yao ilikuwa kupanda vumbini, mvua ikikaribia. Ukiwahi mno, mchwa watakula mbegu; ukichelewa, utakula mchwa.

Simba, asiyependa kuonekana na waliokosea, akampa Fisi kazi ya ramli. Fisi akamwaga vijiti, akafumba macho. "Mvua itanyesha siku yake. Isiponyesha, siku yake haijafika."

Kila asubuhi jibu lilikuwa hilo hilo, na kila asubuhi Fisi alichota mbegu kapuni, eti mizimu ina njaa. Mizimu hiyo ikawa inabeua kwa kinywa cha Fisi.

"Hajakosea hata mara moja!" Simba akajigamba.

Sungura akachungulia kapu: ukindu wa chini ulishaanza kuonekana. "Bwana Mkubwa, hata kisiki hakijawahi kukosea. Mzee Fisi, litokee jambo gani ndipo ukubali umekosea?"

"Hakuna!"

"Basi hujatuambia kitu. Mimi nilisema kitu, kikawa uongo, mkanicheka. Haki yenu." Akalivuta kapu. "Ujira wako wa leo utaupata siku yake. Usipoupata, siku yake haijafika."

Fisi akaruka juu. "Lini? Leo au kesho? Hayo nayo ni maneno?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Simba akajifanya anakohoa.

"Sisimizi wanahamisha mayai," Sungura akasema. "Tupande leo. Mwezi ukiandama bila mvua, nichekeni tena."

Shangazi Kanga, mkulima wao hodari, akaongoza kazi. Mwezi ukaandama, mbingu kavu; Sungura akachekwa. Siku ya pili yake mvua ikamwagika, kunde zikachipua.

Fisi akaja mbio, kalowa chapachapa. "Si nilisema itanyesha siku yake? Mimi sijakosea!"

Shangazi Kanga hakuinua hata kichwa. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Jembe lile pale, palilia."