Kambi ya Siku ya Pili

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Pakawa gani hiyo, ya watu waliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kikaingiliwa na vita. Vita vya nani na nani? Msiniulize mimi. Waliokuwa wakipigana walijua, waliochomewa nyumba hawakujua. Moto wuuu! Mishale fyuu, fyuu! Watu wakakimbia na kilichokuwa mkononi. Bwana mmoja alikimbia na kifuniko, chungu akakiacha. Bibi Kalunde alikimbia na kibuyu cha mbegu za mtama, na mkono wa pili akamvuta Milembe, mjane wa mwanawe aliyeuawa katika vita hivyo, mjamzito wa watu, tumbo hili hapa.

Tembea, tembea, tembea. Wakafika nchi ya Mtemi Mihambo.

Mtemi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye madaraka, wanangu, Mungu atuepushe naye. Akawapokea. Akawapa uwanda wa mawe, wakajenga vibanda vya nyasi, wakazungushiwa ua wa miiba, ati fisi wasiwasumbue. Kila kibanda kibaba cha unga. Ndipo wazee wa baraza wakamjia: "Mtemi, mila unaijua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na ukimpa jembe umempa shamba, na ukimpa shamba haondoki tena huyo!"

Mtemi akafikiri mpaka kichwa kikamwanga. Sasa, katika nchi ile, siku ilikuwa ile iliyotangazwa na baragumu lake. Mkubwa kwa mdogo, hakuna aliyekuwa na siku yake binafsi. Basi akamwita mpiga baragumu, Shigela, akamwambia neno sikioni.

Wageni wakalala siku ya kwanza. Wakalala ya pili. Kulipokucha: buuu! Buuu! "Leo ni siku ya piliii!"

Wakatazamana. Labda kakosea.

Kesho yake: buuu! "Leo ni siku ya piliii!"

Mnasema la mgambo likilia kuna jambo. Hili lililia ili jambo lisiwepo. Milembe akajifungua mtoto wa kiume, siku ya pili. Mtoto akaota meno, siku ya pili. Akasimama dede, akakimbia, akavunja mtungi wa jirani, akachapwa, yote siku ya pili. Shigela mwenyewe akaoa, akaota kitambi, akaota mvi, na bado kila asubuhi mashavu yanamvimba: buuu!

Jembe marufuku. Yule bwana wa kifuniko aliparua ardhi kidogo apande mchicha, walinzi wakamrukia. "Mgeni unalima? Unatutia aibu! Keti! Pumzika!" Wakamkalisha kwenye kigoda, wakamsimamia na mikuki, akapumzika mpaka akalia.

We unacheka? Cheka. Watu wale walipumzishwa mpaka mifupa ikawauma. Kibaba kikapungua, kikawa nusu, kikawa vumbi la kibaba. Mvua zikaja, zikapita, wao wanazitazama mlangoni. Na kila Bibi Kalunde alipofungua kibuyu, alikuta wadudu wamekula tena. Mbegu zilizobaki hazikujaza kiganja. Alijua fika kwamba mvua inayokuja ikipita hivihivi hakutakuwa na cha kupanda, na mjukuu wake atazeekea kwenye kibaba cha watu.

Akamfuata Shigela kwenye ua. "Mwanangu, leo siku ya ngapi?"

"Ya pili, bibi."

"Na hizo mvi uliziota jana?"

Shigela akainama. "Bibi, mimi napuliza tu."

Basi, mawingu yalipoanza kujikusanya, mama mzazi wa Mtemi akafariki. Alikuwa amekula chumvi nyingi, Mungu amrehemu. Bibi Kalunde akajifunga kaniki, akasimama katikati ya kambi. "Jamani, mwenyeji wetu kafiwa. Twendeni tukamlilie."

"Wote?"

"Wote."

Langoni walinzi wakapishanisha mikuki. Bibi akawatazama. "Mnanizuia kwenda msibani?"

Mikuki ikashuka. Nani amzuie mtu kwenda msibani? Hata mchawi hazuiwi!

Wakaingia kwa Mtemi, kambi nzima, na wakalia kilio cha kweli, maana nani kati yao alikosa wa kumlilia? Mtemi akaguswa, akachinja ng'ombe. Kesho yake akachinja tena. Na desturi yao, matanga huanuliwa siku ya tatu. Mfiwa ananyolewa, anaoga, watu wanaaga. Kabla ya hapo mfiwa hulala chini, haogi, na aliyekuja kulia hafukuzwi.

Kukapambazuka. Shigela, kwa mazoea: buuu! "Leo ni siku ya piliii!"

"Ehee," akasema Bibi Kalunde, akajinyoosha mkekani. "Nyama iko wapi?"

Wakala. Asubuhi nyingine, buuu! Siku ya pili. Wakalia kidogo, wakala sana. Ng'ombe wakapukutika, wakafuata mbuzi, kuku wakaanza kujificha. Mtemi ndevu zimemjaa, anajikuna mgongo kwenye nguzo, kwaru, kwaru, kwaru. Wake zake wanakaa upande upepo unakotoka. Wazee wa baraza nao chini, viuno vinawaka moto.

Mwisho Mtemi akatambaa mpaka mkekani kwa Bibi Kalunde. "Mama, tuelewane. Kwangu niseme ni siku ya tatu. Kwenu ibaki ya pili."

"Baba, baragumu lako ni moja. Tumelia pamoja, tumelala chini pamoja. Leo wewe uingie kesho, sisi utuache jana?"

"Mnanimalizia mifugo!"

"Pole. Mgeni wa siku ya pili ni wa kula, baba. Kazi bado hajapewa."

Mtemi akajikuna. "Nikiwapa majembe hamtaondoka."

"Kwani unadhani tumekaa kwa utamu wa kibaba chako? Kwetu kukitulia, wa kwenda watakwenda. Lakini mjukuu wangu ana njaa leo, na mvua ile pale."

Mtemi akatazama mawingu. Chawa akamng'ata. "Shigelaaa!"

Shigela akajaza mashavu. Masikini, ulimi ulishazoea. Buuu! "Leo ni siku ya... ya... ya tatuuu!"

Vigelegele! Mtemi akakimbilia mtoni na nguo zake. Majembe yakatolewa, watu wakayanyang'anyana, wengine wakaanza kulima palepale uani kwa Mtemi. Milembe akachukua mawili, akamtafuta mkwewe. Akamkuta amekaa vumbini, analia kilio ambacho hakikuwa cha mama wa Mtemi.

"Mama, tumeshinda! Unalia nini tena?"

"Mwanangu katimiza siku tatu," akasema Bibi Kalunde. "Mume wako, Milembe. Leo ndiyo tatu yake. Ninyoe."

Milembe akaangusha majembe. Akamnyoa huku machozi yanamchuruzika. Watu wakaona, wakaelewa, wakaja mmoja mmoja wakakaa chini, kila mtu na wake. Wakalia, wakanyoana, wakaoga. Wakaanua matanga ya kijiji kizima. Kisha Bibi Kalunde akashika jembe, akafukia mbegu zake, na mvua ikaanza kunyesha mgongoni mwake.

Basi sikieni, ninyi mnaosinzia na ninyi mliokodoa macho. Mgeni akija kwako mlishe, lakini usimfungie siku. Mtu aliyenyimwa kesho, hata wafu wake hawapati kupumzika.

Hadithi yangu naitua hapo. Wa kulia alie, kisha twende tukalale.