Jina Kwenye Kiganja cha Bibi Harusi

Palikuwa na mpambaji mmoja, ndugu zangu, fundi wa piko asiye na mpinzani. Akikupamba miguu, unaona hasara kuvaa viatu! Lakini siku hiyo mkono ulikuwa kazini na moyo uko kwa mwanamume aliyemwacha, Mshamu. Akichovya kijiti kwenye piko, Mshamu. Akipuliza ikauke, Mshamu!

Mbele yake amekaa bibi harusi. Na desturi mnaijua: jina la bwana harusi hufichwa katikati ya maua ya kiganjani, bwana aje kulitafuta mwenyewe. Bibi harusi akainua kiganja kukitazama. Ukelele aliopiga, hata wapishi uani waliacha miiko!

"Dada! Mume wangu anaitwa Latifu! Huyu Mshamu katoka wapi?"

Shangazi mtu akajishika kichwa. "Makubwa haya! Bwana harusi yuko njiani, na mkononi mwa mkewe kuna dume jingine!"

Piko imeshakauka. Utaifuta kwa nini? Sabuni? Machozi? Machozi mpambaji alikuwa nayo tele, hayakutoa hata herufi moja! Akaukamata ule mkono.

"Tulia, mwanangu. Ukitikisika tu, umeolewa na Mshamu."

Herufi ya kwanza akaivuta, ikawa jani. Ya pili akaipinda, ikawa kikonyo. Jasho linamtoka, pumzi kaibana, akili yake yote imezama kwenye ua. Mara simu ya mpambaji ikalia. Shangazi akachungulia, macho yakamtoka.

"We! Ni Mshamu anapiga!"

Mpambaji hata uso hakuinua.

"Iache ilie. Nimebakiza jani moja."

Jamani! Lile jina lilifutika? Wapi! Liko palepale, chini ya maua. Hakungoja limtoke moyoni. Alichagua tu kijiti kielekee wapi.

Sisi je? Tunangoja maumivu yaishe kwanza ndipo tuanze kuishi. Na huku tukingoja, tunawaandika waliotuumiza kwenye mikono ya watu wasiowajua! Mke mpya analipizwa ya mchumba wa zamani. Mtoto anafokewa kwa kosa la baba yake. Mola hajakuagiza usahau, mpenzi msikilizaji. Amekupa fikra, na usukani wake amekukabidhi wewe.

Wewe unayecheka pale nyuma, ndiyo, wewe! Nyumbani kuna mtu amekunyooshea mkono. Mtazame huyo. Harusi ni yake, usimharibie.