Pale Mbuzi Walipovukia Mfereji

Ndugu zangu, kule mlimani aliishi mama mmoja aliyemwagilia maharage yake kwa mfereji wa ukoo. Ulikuwa umesiribwa ndani kwa udongo wa mfinyanzi, laini hata jani halikushika. Lakini mbuzi wake walikuwa na njia yao ya mkato. Kila wakienda malishoni waliuvuka mahali pale pale, wakaukwangua ukuta kwa kwato.

Palipokwanguka, matope na majani yakaanza kunasa. Mama akamsihi mumewe awazungushe mbuzi darajani.

“Kwani maji hayapiti?” mume akamjibu.

Mama moyo haukumtulia. Akashinda akienda na kurudi ukingoni. Mbuzi wakikwangua, anasiriba upya, juu ya matope na majani yale yale. Ukuta ukaota kitambi kwa ndani. Maji yakaendelea kupita, na mume akamtania kwamba siku hizi ameolewa na mfereji.

Kikaja kiangazi, maharage yakiwa kwenye maua. Siku ya zamu yake, maji hayakufika. Akapanda mbio kwa jirani wa juu.

“Shemeji, mbona umenifungia maji?”

“Mimi? Ufuate mfereji taratibu, shemeji, ukatazame kwako.”

Akashuka. Pale pa mbuzi, fungu moja la nyasi lilikuwa limekwama kwenye kile kitambi. Akakipasua kwa jembe. Ndani, tabaka juu ya tabaka, alikuta udongo alioupaka kwa mikono yake mwenyewe. Na nyuma yake mbuzi walikuwa wanavuka.

Nani aliyeuziba? Adui yuko wapi hapo?

Wapendwa, mishipa yetu ya damu nayo ina utando laini ndani. Moshi wa sigara, presha na sukari tusizozitibu, hao ndio mbuzi wetu. Utando ukiumizwa huvimba na kunata. Askari wa mwili huja kuuponya, humeza mafuta yaliyopenya pale, kisha hujirundika humo humo. Kuziba huku huanza tungali vijana, wala hakuumi. Mwili unasiriba, sisi tunaswaga mbuzi.

Tumetoka kuomba uponyaji sasa hivi. Tukitoka nje, nani atawazungusha mbuzi wake? Usiniambie kwamba kwako maji bado yanapita. Kwa yule mama, hata jana yake yalikuwa yanapita.