Foleni ya Lango la Nyuma

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe huona shuka nyeupe na mto mnene, ukadhani mwenzako amelala kama mfalme. Kumbe amejikuna hadi alfajiri.

Palikuwa na mshonaji katika kiwanda cha nguo aliyeitwa Mama Vifungo, kwa kuwa kushona vifungo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila asubuhi alimwambia binti yake, "Kazi inaisha saa kumi jioni. Nisubiri kwenye ngazi za shule." Na kila siku alifika saa kumi na moja, akihema kama mvukuto.

"Mama, huwa unapitia wapi?" binti aliuliza huku amenuna.

"Sipitii popote, mwanangu. Nasimama."

Binti hakuelewa. Alisoma kwa bidii ya mchwa hadi chuo kikuu, akachagua uchumi wa kazi, elimu inayochunguza watu wanavyofanya kazi na wanavyotendewa. Siku moja mwalimu wake aliandika ubaoni kuwa mshonaji wa kiwandani hufanya kazi saa nane kwa siku.

"Saa hizo umezipata wapi, mwalimu?"

"Kwenye rejista ya kiwanda."

"Na washonaji wenyewe, uliwauliza?"

"Binti, sisi ni wachumi, si waandishi wa barua za mapenzi."

Darasa likaangua kicheko. Binti alikimeza kicheko kile kama dawa chungu, na likizo ilipofika akaomba kazi katika kiwanda cha mama yake. Huko ndiko alikokutana na jibu la utoto wake. Kengele ya saa kumi ilipolia, wanawake mia nne walipanga foleni kwenye lango la nyuma ili wapekuliwe, wasije wakaiba uzi. Walinzi walikuwa wawili tu. Kila jioni binti alitazama saa yake ya mkononi, akaandika dakika alizosimama.

"Bi Saa, ukiikodolea macho hivyo itaona haya!" wenzake walimtania.

"Na ione! Labda itakimbia, sote tutoke."

Kwa miezi mitatu aliandika: dakika hamsini kila siku, ambazo hazikuwamo katika rejista yoyote. Andiko lake la utafiti huo lilikataliwa chuoni mara mbili. Hakukata tamaa. Alienda viwanda vingine, akasimama foleni nyingine, akaandika kitabu, akapata shahada ya uzamivu, kisha akawa profesa. Hatimaye, baada ya miaka ishirini, iliundwa kamati ya kuamua kama muda wa foleni uhesabiwe kuwa kazi. Mwenyekiti wake alikuwa yule yule mwalimu. Kikao kilifanyika ndani ya kiwanda kile kile.

"Profesa, kitabu chako nimekisoma chote," alisema mwenyekiti. "Lakini foleni ni foleni. Hakuna anayeshona humo."

"Sina hoja nyingine, mwalimu wangu. Naomba tu leo kamati itoke kwa lango la nyuma, kengele ikilia."

Mwenyekiti alikubali huku akicheka. Dakika kumi za kwanza alipiga soga. Dakika ya ishirini akauhamishia mkoba wake mkono wa pili. Ya thelathini akaegemea ukuta.

"Simama wima, baba," mshonaji aliyekuwa nyuma yake alimwonya. "Mlinzi atakurudisha mwisho."

"Lakini nina mkutano!"

"Na mimi nina mtoto."

Mwenyekiti akasimama wima. Alipofika langoni, mlinzi alimpekua mifuko na mkoba hadi akaikunjua leso yake. Nje, alitazama saa.

"Hamsini na tatu. Wewe uliandika hamsini."

"Mkoba wako mkubwa, mwalimu," Bi Saa alijibu, na wote wawili wakacheka.

Wiki iliyofuata kamati iliamua: kila dakika ya foleni ni kazi, na ilipwe. Kiwanda, kilipoona kusimama kuna bei, kiliongeza walinzi kumi.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya, profesa alimleta mama yake, sasa mvi tupu, mbele ya lango. Kengele ililia. Kabla mama hajamaliza kukohoa mara moja, wanawake walimwagika nje kama maji ya bomba lililofunguliwa.

"Wanakimbilia wapi hawa?" Mama Vifungo aliuliza.

"Shuleni, mama. Wanasubiriwa kwenye ngazi."

Mama aliushika mkono wa bintiye. "Kwa hiyo ulinielewa."

"Nilisimama, mama."

Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.