Mbegu ya Jaruba la Mwisho

Mbegu ya chumvini huchumwa chumvini. Mmemsikia mama yenu akiitamka, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza chumvi ina mbegu gani. Chumvi haina mbegu. Tulieni, methali hii ilianza hivi.

Chini ya milima ya Upare palikuwa na mfereji mmoja ulionywesha majaruba yote ya mpunga ya kijiji. Wa juu walipata maji mazuri. Wa chini walipata yaliyobaki, na yaliyobaki yalikuja na magadi, ile chumvi ya ardhini. Jaruba la mwisho lilikuwa la mjane aitwaye Nakijwa, na kiangazi udongo wake uliota ukoko mweupe.

Desturi ilikuwa moja: mbegu ichaguliwe kwenye jaruba lililostawi kuliko yote, masuke manene tu, kisha kila mtu agawiwe. Jaruba hilo lilikuwa la Senzota, shemeji yake Nakijwa, na alitoa kwa moyo mweupe. Kila mwaka Nakijwa alipanda mbegu hiyo nono. Ikaota, ikageuka njano, ikafa. Mwishowe wazee wa mfereji wakamwambia kwamba asipovuna msimu ujao, jaruba litapewa mwingine. Hakuwa na shamba jingine, na watoto walikuwa wanataka kula.

Mwaka ule yalisalia mashina machache katikati ya weupe, yenye masuke membamba. Masuke ya namna hiyo hutupiwa kuku. Nakijwa aliyakata, akayatundika juu ya moshi wa jiko, na siku ya kugawana mbegu hakutokea.

Senzota alimfuata nyumbani kumuuliza kama amesusa. Alipoonyeshwa masuke yale, alisikitika kwelikweli.

"Shemeji, hiyo ni njaa uliyoitundika. Chukua yangu, nakusihi."

"Yako haijawahi kuonja magadi, shemeji. Kila mwaka naipeleka ugenini ikafe. Hii imeyanywa tangu ilipoota, na bado imezaa."

Mbegu ilitosha pembe moja tu ya jaruba. Kwingine kulibaki wazi, na watu wakamsema sana. Aliogopa, kila asubuhi alikwenda kutazama kama majani yamegeuka njano. Hayakugeuka. Wazee walipokuja kukagua waliikuta pembe ile imeinamisha masuke, wakamwachia jaruba lake. Msimu uliofuata alipanda nusu, na baadaye lote.

Lakini magadi hayatulii mahali pamoja. Yalipanda jaruba kwa jaruba hadi kwa Senzota. Akaomba mbegu, Nakijwa akampa kikapu tele, na mpunga ukazaa. Wakati wa mavuno Senzota, mazoea yana tabu, akaanza kuchagua masuke manene kwenye kona ambayo magadi hayajaifikia. Nakijwa akamwita, akamtangulia hadi katikati ya jaruba, pale udongo ulipokuwa mweupe kupita kote.

"Chagua hapa, shemeji," akasema. "Mbegu ya chumvini huchumwa chumvini."