Bandika, Bandua na Moto

Anayetaka kubishana asubiri mwisho, maana mimi nikikatizwa hadithi inanipotea.

Huko milimani Usambara walikuwapo wanawake watatu wa nyumba moja. Mashavu alikuwa na mikono ya nguvu. Kiganja cha Rukia kilijua joto la maji kuliko kipimo. Bi Njaule, mkubwa wao, hakujaliwa mtoto, lakini hata kuni zilizolowa zilimtii zikawaka.

Basi mwanamke aitwaye Sikujua, aliyekuwa wifi wa Mashavu na mdogo wa Rukia, akajifungua kabla ya miezi kutimia. Katoto ka kike, hata kulia hakawezi. Mvua imekata barabara, hospitali haifikiki. Mkunga akasema, "Akipoa tu, tumempoteza." Shekiondo, baba mtoto, akalia mbele za watu, maskini, akaahidi: "Atakayeniokolea binti yangu ndiye atakayempa jina."

Mashavu akachota maji, akabandika sufuria. Rukia akaibandua, akajaza chupa, akazifunga kanga, akazilaza ubavuni mwa mtoto. Hii ikitoka, ile inapanda. Bi Njaule yuko chini anapuliza, macho mekundu kwa moshi. Ninyi leo mambo yakifuatana bila pengo mnasema bandika bandua, mnadhani ni maneno tu. Kwao ilikuwa kazi yenyewe: sufuria juu, sufuria chini, jiko lisikae tupu. Na walikaza hivyo mpaka mtoto akapata nguvu, akanyonya hadi mama yake akacheka.

Ikafika siku ya jina.

"Bandika ni mimi," akasema Mashavu. "Neno linaanza na mimi. Naomba aitwe jina la marehemu mama."

"Na linaishia kwangu," akajibu Rukia. "Maji ya sufuriani yangempasha nani? Binti yangu niliyemzika, jina lake limebaki halina mtu."

Wakamtazama Bi Njaule.

"Mimi kwenye hilo neno simo," akasema taratibu. "Lakini mlikuwa mnabandika juu ya nini, wanangu? Sijawahi kumpa mtu jina. Nilitaka mara moja tu."

Mtoto akaamka analia, mikono yote ikanyooshwa, na hakuna aliyejua amwiteje.

Haya, mliokuwa midomo inawawasha, semeni sasa: jina atoe nani?