Maji ya Bwana Harusi

Samaki hauguzwi, huuguzwa maji. Jana mlimsikia mama akimwambia hivyo jirani yetu, yule anayemchapa mwanawe kila siku ili apende shule, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii haikutoka kwa wavuvi. Ilizaliwa Tanga, sebuleni, katika nyumba yenye msiba, na ilianza hivi.

Mwanamke mmoja aliyeitwa Mwanaidi alifiwa ghafla na mumewe, Shekue, fundi wa redio. Alibaki na binti yao mdogo, Hidaya, na tangi la kioo lenye samaki mmoja. Samaki huyo alikuwa wa rangi ya dhahabu, na mapezi yake marefu yalimfuata majini kama kanzu, ndiyo maana Shekue alimwita Bwana Harusi. Kila jioni baba na mtoto walivuta vigoda mbele ya tangi wakapiga naye soga, kama watu waliotembelewa na mgeni wa heshima.

Tangu jeneza lilipotoka mlangoni, Hidaya hakusema na mtu. Hakulia pia. Akiletewa chakula alikula matonge mawili, akanawa. Alizungumza na samaki tu, kwa sauti ya chini, na mtu akikaribia alinyamaza. Siku moja Mwanaidi alisimama nyuma ya pazia akamsikia mwanawe akisema, "Usiondoke na wewe. Ukiondoka, na mimi nakufuata."

Toka siku ile, kila alipoamka alimwangalia samaki kwanza, ndipo akamwangalia mtoto.

Haukupita muda, ncha za mapezi ya Bwana Harusi zikawa nyeupe, kisha zikaanza kuchanikachanika, na kwenye mkia kukaonekana michirizi myekundu. Kanzu ilikuwa inaoza mwilini mwa mwenyewe.

Mwanaidi alikuwa kwenye eda, hatoki nje. Alimtuma jirani kwenye duka la samaki wa mapambo, akaletewa chupa ya dawa ya bluu. Akaitia. Maji yakawa bluu, mapezi yakazidi kulika. Akatia chumvi aliyoelekezwa, akaongeza dawa. Na huku mama mkwe wake, akimhofia mjukuu naye, alikuja na kombe, maji yaliyooshewa aya alizoandika shehe, akamnywesha Hidaya. Hidaya alikunywa, akarudisha bakuli, akarudi kwenye kigoda chake bila neno.

Basi sikilizeni jinsi nyumba ile ilivyokuwa. Madirisha yalifungwa tangu siku ya maziko na hakuna aliyethubutu kuyafungua. Watu walinong'ona. Jina la Shekue lilikatwa midomoni kila Hidaya alipoingia, wakidhani wanamhurumia. Na kila aliyekuja kuhani, akikumbuka jinsi marehemu alivyompenda samaki wake, alitupia kitu tangini: punje za wali, kipande cha mkate, hata kaimati. "Sadaka hiyo," walisema, "itamfikia mwenyewe." Mwanaidi aliona ni wema, hakumkataza mtu. Na maji hakuyagusa. Yalikuwa maji ya mwisho aliyoyateka Shekue kwa mikono yake. Angeyamwaga vipi?

Siku moja akafika Bi Semeni, binamu yake Shekue, kutoka Pangani. Binamu ni mtani, na mtani hazuiwi ulimi hata msibani. Alianza utani kabla hajavua viatu.

"Yuko wapi Shekue? Kaona zamu yake ya kunipikia pweza imefika, kajifanya kafa."

Wanawake waliokaa mkekani walishika vinywa. Jina lile halikuwa limetamkwa kwa sauti tangu mazishi. Mwanaidi aligeuka haraka kumtazama mwanawe. Hidaya alikuwa ameinua uso.

Bi Semeni alisogelea tangi akaziba pua. "Na huyu bwana harusi, kanzu yake imeliwa na panya?"

"Anaumwa, wifi," Mwanaidi alinong'ona. "Nimemtia dawa. Nimemtia chumvi. Sijui tena la kufanya."

Bi Semeni alichukua gilasi kwenye sinia, akaichovya tangini, akampa. "Haya, kunywa."

"Wifi, yananuka."

"Funda moja tu."

"Siwezi."

"Funda moja huwezi, naye anayavuta usiku na mchana." Aliiweka gilasi chini. "Mimi samaki ninayemjua ni wa kukaanga. Lakini hili halitaki mtaalamu. Samaki hauguzwi, mama. Huuguzwa maji. Nipe ndoo niyamwage yote."

Mwanaidi alimdaka mkono. "Si yote. Utamuua. Shekue alikuwa akipunguza kidogo kidogo. Na ya bomba aliyalaza kwenye ndoo wazi kwanza, hadi harufu ya ile dawa ya kusafishia maji iishe."

Alijisikia akilitaja jina la mumewe. Kumbe alikuwa anajua. Alijua siku zote, ila hakutaka kujua.

Wakajaza ndoo za maji ya bomba, wakaziacha uani. Siku iliyofuata Mwanaidi alichukua ule mpira mwembamba aliokuwa akiutumia Shekue, akauzamisha tangini kunyonya uchafu wa chini na kuutoa ndooni. Ulitoka wali uliogeuka ute, mkate uliooza, vitu visivyotambulika tena. Ndoo ilikuwa haijajaa alipohisi mkono mdogo umeikamata.

"Msimwage maji ya baba."

Hidaya alikuwa ameikumbatia ndoo ile inayonuka. Mwanaidi alitaka kusema basi, tuyaache. Aliogopa: akiyamwaga atampoteza mtoto, asipoyamwaga atawapoteza wote wawili. Akachuchumaa.

"Baba mwenyewe alikuwa akiyamwaga, mwanangu. Kila Ijumaa. Nani alikuwa anamshikia mpira?"

Hidaya alilegeza mikono kwenye ndoo.

"Mimi."

"Mkiyamwaga wapi?"

Hidaya alitazama mlango wa uani. "Kwenye mpapai. Baba alisema mpapai unapenda." Kisha akauangalia mpira mkononi mwa mama yake, akakunja uso. "Lakini si hivyo, mama. Uinamishe. Hivyo unamtisha."

Akauchukua mwenyewe, akaendelea hadi ndoo ikajaa. Na alipofika chini ya mpapai, ndoo ilipoinama na maji ya mwisho ya Shekue kuzama mchangani, Hidaya alilia, kilio kilichokuwa kimemkaa tumboni tangu jeneza litoke. Bi Semeni alimshika begani, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mwanaidi aliingia ndani akafungua madirisha.

Msidhani hofu iliisha hapo. Kwa siku kadhaa Bwana Harusi alilala chini ya tangi, ubavu ukipanda na kushuka, na mama na mtoto waliamka kila alfajiri wakiogopa kutazama. Waliendelea kupunguza maji kidogo na kuongeza yaliyolala. Sifongo ya kichujio, ile inayonasa uchafu wa majini, waliisuuza kwa maji yaleyale ya tangi, kama alivyokuwa akifanya Shekue, si kwa ya bomba yenye dawa. Wageni waliombwa sadaka zao wazipeleke kwa watoto wa mtaani. Na mbele ya tangi, Hidaya akiuliza habari za baba yake, alijibiwa kwa sauti ya kawaida.

Asubuhi moja waliona ukingoni mwa pezi lililolika utando mwembamba, unaong'aa kama ganda la kitunguu. Kanzu ilikuwa inaota upya. Upande mmoja ilibaki fupi hadi mwisho, lakini ilitosha kuogelea.

Mama mkwe akaja na kombe jingine. Alimkuta mjukuu wake amekaa kigodani, mikono imelowa hadi viwikoni, anamsimulia mama yake kisa cha baba na redio iliyogoma kunyamaza. Bibi akasimama mlangoni, bakuli mkononi.

"Mjukuu wangu, umepewa dawa gani?"

"Sikupewa kitu, bibi," Hidaya alisema, akafuta mikono kwenye gauni. "Samaki hauguzwi, huuguzwa maji."